Mlima Ulionadiwa

Kwenye miji yetu kuna tangazo ambalo mgeni husimama akalisoma mara mbili. Limepakwa ukutani kwa rangi nyekundu, herufi zimepanda na kushuka: nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Pengine ni kiwanja kitupu, na kibao kimechomekwa katikati ya majani. Mwenye mali hana haja ya kuuza wala hajamtuma mtu, na bado imembidi anunue rangi ili atangaze kwamba hauzi. Mahali fulani kuna mtu amekwisha kuinadi mali yake.

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita kama 33 za kona na korongo, utakutana pia na tangazo la aina ya pili, lile tulilolizoea. Shamba linauzwa. Ekari kadhaa, maji mwaka mzima, hewa safi, barabara inafika, na chini yake namba ya simu ya dalali. Kila neno laweza kuwa la kweli. Ninayotaka kuisimulia hapa ni historia ya lile lisiloandikwa. Milima ya Usambara imenadiwa kwa wageni kwa zaidi ya miaka 130, na katika kila zama kulikuwa na jambo ambalo mnadi alilijua, au alipaswa kulijua, akalipita kimya.

Kabla ya mnadi wa kwanza kufika, nchi ilikuwa na namna yake ya kueleza shamba ni la nani. Wasambaa waliiita nchi yao Shambaai, na waliokuwa wakiitawala ni Wakilindi, uzao wa Mbegha, ambao makao yao makuu yalikuwa Vugha. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta kwenye kiti Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye utawala wake ulifika hadi karibu na pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862. Nchi ilikuwa yake kwa maana ya kwamba mvua na njaa vilihesabiwa juu ya kichwa chake. Mtawala mwenye nguvu isiyo na mpinzani aliiponya nchi, na Wasambaa wana neno la jambo hilo, kuzifya shi. Watawala wakishindana, mvua ikakata, watu walisema nchi inaharibiwa: kubana shi. Lakini kijishamba cha mtu mmoja mmoja kilikuwa cha aliyekifyeka na wanawe baada yake. Aliyepungukiwa aliazimwa. Mgeni aliyekaribishwa na mfalme alipewa mahali pa kukaa chini ya ulinzi wake, na hapo alikaa. Mlima wenyewe haukuwa bidhaa.

Mfumo huo haukuandikwa popote, kwa hiyo ulitegemea watu kusema. Jirani alijua nani alifyeka, nani ameazima, nani ameondoka na atarudi. Tena Wasambaa hawakulima mahali pamoja. Migomba ilikaa mlimani, na mashamba mengine yalikuwa chini, ukingoni mwa nyika, kwa sababu mvua iliyokosekana huku huenda ikapatikana kule. Shamba lililoota msitu mdogo lilikuwa limepumzishwa tu. Kwa mpita njia lilikuwa pori. Tofauti hiyo kati ya pori na shamba lililopumzika ni ya kukumbukwa, kwa sababu juu yake ndipo ulipojengwa mnada mzima uliofuata.

Mpita njia aliyeleta mambo alikuwa Oscar Baumann, kijana wa Vienna. Mwaka 1888 aliingia Usambara pamoja na Hans Meyer. Safari ile iliishia vibaya: vita vya pwani vilizuka, wote wawili wakakamatwa na watu wa Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, wakaachiwa baada ya kulipiwa fedha. Baumann hakukata tamaa. Mwaka 1890 alirudi akapima, akachora ramani, akaandika majina ya vijiji na vilima, na mwaka 1891 kitabu chake kuhusu Usambara na nchi jirani kikachapishwa Berlin. Ni kazi ya mtu makini, na wanaosoma historia ya milima hii wanamrudia hadi leo. Lakini kitabu hubadilika kulingana na anayekishika. Mikononi mwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kilikuwa ushahidi wa kuwapelekea wenye fedha: mlima wenye baridi karibu na bahari, misitu minene, mito isiyokauka, ardhi ya kahawa.

Miaka michache baadaye makampuni yalianza kuota kama uyoga. Kampuni ya kahawa ya Usambara iliundwa Berlin mwaka 1893. Nyingine iliundwa Köln mwaka 1895, ikachukua jina la Handei, yaani upande wa mashariki wa milima, ulio karibu na bahari. Derema, Ngwelo, Bulwa, Ngambo, Kwamkoro, majina haya yaligeuka kuwa majina ya mashamba ya Wazungu. Hisa ziliuzwa kwa watu ambao hawangeuona mlima huo maisha yao yote. Mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kuyafuata mashamba. Ilipofika Muheza tu, kampuni ya reli ikaishiwa, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikalazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905.

Msitu ukaangushwa, mibuni ikapandwa. Miaka ya kwanza ilitia moyo. Kisha mibuni ikaanza kudhoofika, mavuno yakapungua, na wadudu na magonjwa yakamalizia kazi. Jambo lenyewe likieleweka ni rahisi, lakini lilimgharimu kila aliyelijifunza. Waliokuja waliitazama miti mikubwa ya Handei, yenye vigogo visivyokumbatika, wakasema kwamba ardhi inayobeba miti ya namna hii lazima ina rutuba isiyokwisha. Kumbe chakula cha msitu wa mvua kiko katika majani yanayoanguka na kuoza, yakanywewa upesi na mizizi iliyo juu juu, yakapanda tena kuwa majani. Chini ya tabaka hilo jembamba kuna udongo wa kale mwekundu, mchachu, uliooshwa na mvua za karne nyingi. Ukiuondoa msitu umeondoa ghala pamoja na kilichomo. Mvua ya misimu michache inachukua kilichobaki.

Je, wale wauza hisa walidanganya? Nimelifikiria swali hili sana. Sidhani kwamba walikaa mezani wakapanga uongo. Walichofanya ni kutangaza uzuri walioupenda na kuacha kuuliza yale ambayo jibu lake lingepunguza bei. Wenyeji wa misitu ile walifyeka kipande, wakakilima kwa muda, wakakiacha, msitu ukarudi. Kuhama huko kulikuwa na taarifa kamili ya udongo, na ilionekana kwa macho. Waliokuja waliisoma kama uvivu.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea huko Amani, katikati ya misitu hiyohiyo, chini ya Franz Stuhlmann. Amani ikawa mahali mashuhuri duniani kwa sayansi ya mimea ya nchi za joto. Wataalamu wake walipima udongo na kujaribu mamia ya mimea. Kwa wenye hisa wa Berlin na Köln majibu yalikuja baada ya malipo. Wenye mashamba wakahamia kwenye mpira, na wengine wakateremka tambarare kulima mkonge, ambao Richard Hindorf alikuwa ameuleta mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalimika safarini kutoka Florida. Na kuna jambo linalonigusa kila nikipita Kwamkoro au Bulwa. Vilima vile leo ni kijani kitupu cha chai, na chai hupenda udongo mchachu. Ardhi haikuwa mbaya. Ilikuwa imetangazwa kwa kitu isichokuwa nacho.

Hayo yalikuwa ya mashariki. Huku magharibi, kwenye Vugha, Mlalo na Lushoto, kilichonyamaziwa kilikuwa kikubwa kuliko udongo, kwa sababu walikuwa ni watu.

Mwaka wa kuutazama ni 1895. Mwaka huo Semboja, mtawala wa Mazinde ambaye kwa miaka mingi alishika njia ya misafara chini ya mlima, alifariki. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha, na mahali pake wakamweka Kinyashi. Na tarehe 26 Novemba mwaka huohuo mfalme wa Ujerumani alitia sahihi amri iliyosema kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Ni sentensi fupi. Lakini nani angesema kwamba ardhi fulani ina mwenyewe, ikiwa waliozoea kusema walikuwa wamezikwa au wametishwa? Tume ziliundwa za kupima na kugawa. Kanuni za mwaka uliofuata zilitaka wenyeji waachiwe mara 4 ya eneo wanalolilima, ili watoto wao nao wapate. Karatasi ile ilionekana ya huruma. Ila hesabu ilianzia kwenye shamba lililokuwa na mazao siku ile tume inapita. Mashamba yaliyopumzika hayakuwa na mazao. Ya kule nyikani yalikuwa mbali.

Baada ya hapo mtu angeweza kununua au kukodi kutoka serikalini kipande kilichopimwa, chenye mawe ya mpaka, na kikaandikwa katika daftari la ardhi kwa wino mzuri. Makao ya wilaya yakawekwa Lushoto, yakabadilishwa jina kuwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. Huko Kwai serikali ilianzisha mwaka 1896 shamba la majaribio la ngano, viazi na ng'ombe wa Ulaya, kumwonyesha mlowezi kwamba hapa anaweza kuishi kama kwao. Tom von Prince, ofisa aliyepigana na Wahehe, alistaafu jeshi akawa mwenye shamba Sakarani. Tanga kulikuwa na gazeti la walowezi, Usambara-Post, lililobeba habari na matangazo yao.

Aliyenunua ardhi hii alinunua na mikono. Kuanzia karibu mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na utaratibu wa kadi: kila mwanamume Mwafrika alipewa kadi, na katika kila miezi 4 ilimpasa awe amefanya kazi siku 30 kwa mlowezi kwa ujira uliopangwa. Asiye na kadi iliyojaa alipelekwa kwenye kazi za lazima. Shamba bila watu lisingekuwa na bei, na watu wenyewe walikuwa wale waliopunguziwa mashamba ili shamba lile lipatikane. Sijui tangazo gani lingeweza kueleza hilo kwa ukamilifu na bado likampata mnunuzi.

Vita vikaja. Von Prince aliuawa Tanga mwezi Novemba 1914, Waingereza wakaushika mlima mwaka 1916, Wilhelmstal ikarudishiwa jina lake la Lushoto. Mashamba ya Wajerumani yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 yakauzwa. Wajerumani wenyewe hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Wahindi, Wagiriki na Waingereza walinunua, hasa mashamba ya mkonge ya tambarare. Walichonunua kilikuwa mipaka iliyochorwa na wapimaji wa Kijerumani, na swali la nani alikuwa pale kabla ya mpimaji halikufunguliwa upya. Serikali ya kikoloni iliendelea kuupenda mji: gavana alikuwa na nyumba Lushoto ya kukimbilia joto la Dar es Salaam.

Lakini urithi wa Waingereza uliokaa kwetu kwa muda mrefu zaidi ni sheria zao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya gavana, na ikazungumzia kulindwa kwa haki za kimila za wenyeji. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliwataja wazi wenyeji wanaokalia ardhi kwa mila kuwa na haki ya kuikalia. Papo hapo sheria nyingine ya mwaka 1923 ilileta taratibu za Kiingereza za kuuziana ardhi, kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 1 Januari 1922. Ndani ya taratibu hizo kulikuwa na kanuni ya kale: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kuhusu mikataba kwa jumla, tangu mwaka 1920 nchi ilitumia sheria ya India ya mwaka 1872, na tulipotunga yetu mwaka 1961 tuliifuata karibu kifungu kwa kifungu. Humo imo tafsiri ya udanganyifu. Kusema jambo usiloliamini kuwa kweli ni udanganyifu. Kulificha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu. Lakini kunyamaza tu, hata juu ya jambo ambalo lingemfanya mtu asinunue, kwa kawaida si udanganyifu, isipokuwa pale mtu anapowajibika kusema, au kimya chake chenyewe kinaposema.

Soma tena maneno hayo ukiwa umesimama Mlalo. Chini ya utaratibu wa zamani kimya kisingewezekana, kwa sababu shamba lilisemwa na jirani, na jirani hakuwa upande wa muuzaji wala wa mnunuzi. Sheria mpya ilimtoa jirani katikati. Wakabaki wawili, anayejua na asiyejua, na asiyejua ndiye aliyepewa mzigo wa kuuliza.

Uhuru ulijaribu kuifunga biashara yenyewe. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi imilikiwe moja kwa moja na kuuzika huru, Julius Nyerere alipinga katika kijitabu chake Mali ya Taifa: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na mtu anaweza kudai malipo ya jasho lake tu. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulibadilishwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 ukawa haki ya kukalia. Tangu hapo kilichokuwa na bei kisheria ni kile kilichokuwa juu ya ardhi: nyumba, mibuni, migomba, miti.

Naiheshimu nia ile. Lakini watu wa Lushoto hawakuacha kuhitaji ardhi. Mlima ulikuwa umejaa tangu ukoloni. Mpango wa matuta wa bonde la Mlalo, ulioanza mwaka 1946 na kuchukiwa hadi ukaachwa, ulitokana na ardhi kubanana na udongo kuteremka. Mashamba yaliendelea kubadilisha mikono kwa jina la maendelezo. Mtu alihesabu migomba akalipwa migomba, na kilichokuwa chini ya migomba kikaenda bila kuzungumziwa. Sheria iliyosema ardhi haina bei haikuweza wakati huohuo kumtaka muuzaji aeleze hali ya ardhi hiyo.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza malalamiko, na miaka michache baadaye zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Marekebisho ya mwaka 2004 yalikubali kwamba hata ardhi tupu inaweza kuuzwa. Hapo ndipo dalali wa leo aliposimama mahali halali pa kusimama.

Sasa tulitazame tena tangazo la njia ya Mombo, tukiwa na sheria hizo mkononi. Kama shamba liko katika ardhi ya kijiji, halihami bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kama mnunuzi si raia, kwa kawaida hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa njia zake maalumu. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenziwe. Ile «maji mwaka mzima» mara nyingi maana yake ni kwamba shamba linagusa mto, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Katika mabonde ya mboga ya Lushoto mita 60 zinaweza kuwa shamba zima. «Mandhari ya kuvutia» ina maana ya mteremko, na miteremko mikali sheria ya 1999 inaiweka katika ardhi hatarishi. «Karibu na msitu» kuna mpaka wa hifadhi. Uzuri wote unaotajwa una upande wake wa pili, na dalali mwenyeji anaujua, kwa sababu amekulia hapo.

Dalali wetu hulipwa mauzo yakikamilika, na mara nyingi hulipwa kidogo hata kwa kuonyesha tu. Wako madalali waungwana wanaomwambia mteja wazi, mama, hapa usinunue, hapa pana kesi. Wanapoteza fungu lao la siku ile kwa hiari yao. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili mawakala wa majengo na ardhi mwaka 1984. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na sheria ya mikataba ipo na kile kifungu chake cha kimya. Nasema bila kusita kwamba anayetangaza ardhi ya mwenzake na kulipwa kwa hilo anapaswa kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaowajibika kusema.

Vijijini Usambara, wauzianaji makini hufanya jambo ambalo hakuna tangazo linalolitaja. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, huitwa majirani wa pande zote nne. Muuzaji hutangulia, mnunuzi nyuma yake, mwenyekiti wa kitongoji na karatasi yake kwapani, na wote huzunguka mpaka kwa miguu, kutoka alama hadi alama, juu ya matuta na chini hadi mfereji. Kila wanapofika upande wa mtu, husimama. Jirani huulizwa kama mpaka ni hapo, kama njia ya maji inapita hivi, kama kuna mtu anadai. Wengine hujibu kwa neno moja. Wengine huanza mbali, tangu babu yake alipofyeka, na mnunuzi aliyetoka mjini, viatu vimejaa udongo mwekundu, inampasa asimame amsikilize mpaka mwisho ndipo waende kwenye alama inayofuata.